3S-GTE na GT3076R: pistoni za 8.5 au 9.0? Kamshafti 264 au 272?

mudi_3S

Wakuu habari zenu, naombeni mawazo kabla sijatoa oda ya pistoni na kamshafti, maana hivi vitu ukishavifunga ndani kuvibadilisha ni kufungua kila kitu upya.

Injini ni Toyota 3S-GTE ya kizazi cha tatu, 2.0, boa (kipenyo cha silinda) mm 86 stroki (mwendo wa pistoni) mm 86, kompresheni ya kiwandani 8.5:1. Bloki iko tupu mezani, imepimwa iko ndani ya saizi, konrodi za foji ninazo tayari. Tabo ni Garrett GT3076R, hauzingi ya tabaini bado sijachagua kati ya A/R (namba ya upana wa njia ya moshi) 0.63 na 0.82, manifodi ni ya mlango mmoja, intakula (kipoza hewa ya tabo) kubwa ya mbele, kompyuta ya kutyuni ipo. Mafuta ni petroli ya oktani 95, ethanoli sina njia ya kuipata kwa hiyo tuiweke pembeni. Lengo langu ni farasi 400 hivi kwenye krenki, busti (presha ya tabo) nilikuwa nafikiria 1.3 bar, mizunguko mwisho 7000 au 7200. Gari naiendesha kila siku ila mara moja moja inaingia uwanjani.

Sasa muuzaji wa pistoni ana 8.5, 9.0 na 9.5, na anaweza pia kunitengenezea 8.0. Kamshafti nimeona 264 na 272 (digrii ambazo valvu inakaa wazi), zote lifti inakaribiana. Kila ninayemuuliza ananipa jibu tofauti na hakuna anayeniambia kwa nini. Ndo naomba mnielezee na sababu yake, nataka nielewe ninachonunua.

kibuyu_cha_oili

Kijana, sisi wa zamani sheria ilikuwa moja, busti ikipanda kompresheni inashuka. Weka 8.0 ulale usingizi. Subaru wenyewe EJ20 zao nyingi za tabo zimetoka kiwandani na 8.0:1 na walijua wanachofanya. Petroli yako ni 95, uwanjani raundi ya nne ya tano intakula imeshajaa joto, noki (mchanganyiko kujiwasha wenyewe) inaingia husikii kwa sababu ya kelele, na pistoni inakatika pale kati ya ringi na ringi. Kamshafti weka 272 injini ipumue. Torki ya chini usiihangaikie, tabo ikiamka utaipata.

BiTorki

Shikamoo mzee Kibuyu, kwenye noki nakubaliana na wewe mia kwa mia. Ila 8.0 na 272 kwa pamoja hapana, hapo unamnyang'anya injini mara mbili na sioni kama mtu akishakuelezea utamshauri hivyo.

Mudi sikiliza, ile namba ya 8.5 au 9.0 ni ya kwenye makaratasi, inahesabu kana kwamba pistoni inaanza kubana hewa kuanzia chini kabisa. Haianzi hapo. Valvu ya inteki inakuwa bado iko wazi wakati pistoni imeshaanza kupanda, na mpaka ifunge ndo kubana kunaanza kweli. Kamshafti ndefu inachelewa kufunga. Kwa hiyo kompresheni na kamshafti huwezi kuvichagua kimoja kimoja, ni uamuzi mmoja.

Nimekupigia hesabu kwa injini yako, boa 86 stroki 86 konrodi 138 mm. Silinda moja inameza karibu cc 500. Kwa 8.5:1 nafasi inayobaki juu pistoni ikifika kileleni ni cc 66.6. Chukua kamshafti ya 264 iliyopangwa senta 110 (digrii kutoka pistoni kileleni mpaka valvu kufunguka kikamilifu), valvu ya inteki inafunga digrii 62 baada ya pistoni kugeuka chini. Hapo imebaki kama cc 398 ya kubana, ukijumlisha na ile ya juu ukagawanya kwa hiyo ya juu unapata kompresheni halisi ya kama 7.0. Weka 272 kwenye senta ileile, inafunga digrii 66, kompresheni halisi inashuka kwenye 6.8. Sasa weka pistoni za 9.0 na hiyohiyo 272, nafasi ya juu inakuwa cc 62.4, unapanda 7.2 hivi. Na kama umeweka 8.0 na 272, unashuka mpaka 6.4, hiyo gari kabla tabo haijaamka itakuwa nzito mpaka uichukie, na kwenye foleni na kwenye kona za kutoka taratibu ndo sehemu unayoishi muda mwingi.

Naongeza kitu kimoja. Hizi ni hesabu za mizunguko ya chini. Juu huko 6000 hewa inaingia kwa kasi inaendelea kujaa hata pistoni ikiwa inapanda, kwa hiyo kufunga kuchelewa kunakuwa faida. Ndo maana kamshafti ndefu inatoa nguvu juu na kuiba chini, haina uchawi mwingine.

Mimi kwa lengo lako naenda 9.0. Mitsubishi waliweka 8.8:1 kwenye 4G63 ya Evo kuanzia namba IV mpaka IX, Toyota walifunga 9.0:1 kwenye 1JZ-GTE ya VVT-i, na hizo ni gari za kuuzia watu wa kawaida na dhamana juu. Tisa sio namba ya kichaa.

kibuyu_cha_oili

Marahaba binti. Hesabu zako nimezielewa, 8.0 na 272 naiacha. Lakini 9.0 kwa oktani 95 na 1.3 bar bado naona umemsogeza karibu na ukuta. Evo yenyewe ilikuwa haibebi 1.3 bar ya tabo kubwa kama hiyo.

mudi_3S

Asanteni sana. Dada Torki ile ya kompresheni halisi hakuna aliyewahi kunielezea hivyo. Sasa nna swali, kuna mtu aliniambia unazidisha kompresheni kwa presha jumla, yani 9.0 mara 2.3 (busti 1.3 na 1 ya hewa ya kawaida) inakuja 20.7, na ukivuka 17 au 18 kwa petroli ya kawaida injini inakufa. Kwa hesabu hiyo hata 8.0 haifai maana ni 18.4. Hii kitu ni kweli?

presha_nyuma

Hiyo ya kuzidisha achana nayo mkuu, inachanganya vitu viwili ambavyo havifanani kwa injini. Noki inaletwa na ile hewa ya mwisho kwenye silinda ambayo moto haujaifikia, ikipata joto na presha ya kutosha kwa muda wa kutosha inajiwasha yenyewe. Kwa hiyo uliza joto, usiulize namba.

Tabo ikibana hewa mpaka presha ya 2.3, hewa imeingia na nyuzi 30, kompresa ikiwa na ufanisi wa asilimia 75 hivi, inatoka na kama nyuzi 140. Lakini inapita kwenye intakula, ikiwa nzuri inafika kwenye manifodi na 45 au 50. Joto la busti umeshalitupa nje. Joto linaloletwa na pistoni ikipanda huwezi kulitoa popote, liko ndani ya silinda. Sasa ukizidisha namba mbili hizo umehesabu kana kwamba joto zote zinafika kwenye plagi, sio kweli.

Na hapohapo ndo kuna ukweli wa mzee Kibuyu ambao watu wa siku hizi wanaupuuza. Kwa sababu joto la busti linapozwa na la kompresheni halipozwi, ukiwa na mafuta ya oktani ndogo na unataka namba kubwa kuliko zote, kompresheni ya chini na busti nyingi inashinda. Hilo halina ubishi. Ila swali ni namba gani unaitafuta. Kupanda kutoka 8.5 mpaka 9.5 ufanisi wa injini kwa nadharia unaongezeka kama asilimia 3, sio kitu kikubwa, lakini unaupata kila mahali kwenye mizunguko, busti ipo au haipo, na ekzosti inatoka na joto dogo kidogo. Upande wa pili kompresheni ikiwa kubwa mno fundi wa kutyuni anarudisha taimingi ya moto nyuma ili noki isiingie, na taimingi ikirudi nyuma sana mafuta yanamalizikia kuungua kwenye manifodi, joto la ekzosti linapanda, tabaini inapikika, na ile asilimia 3 imeshapotea na zaidi. Kwa 95 na 1.3 bar mimi 9.5 siigusi. 9.0 inawezekana kama intakula ni ya kweli na mtu anayetyuni anasikiliza noki kwa spika za masikioni kwenye daino (mashine ya kupima nguvu), sio kutazama grafu tu. 8.5 ni salama na hutajuta.

Ila mnaongea sana kompresheni wakati kitu kitakachoamua kamshafti hamjakigusa. Presha ya ekzosti kabla ya tabaini.

Mudi, kuna muda mfupi pistoni ikiwa kileleni valvu ya ekzosti haijafunga na ya inteki imeshafunguka, zote mbili ziko wazi. Hiyo ndo ovalapu. Injini isiyo na tabo inaipenda, hewa mpya inasukuma moshi nje. Kwenye tabo inategemea nani ana presha zaidi. Kama manifodi ya inteki ina 1.3 bar na ya ekzosti ina 2.5 bar, unadhani nini kinatokea zote zikiwa wazi? Moshi unarudi ndani ya silinda na mpaka kwenye mlango wa inteki. Hewa ya moto mara ya pili. Unaongeza kamshafti unapoteza nguvu na unaongeza noki, halafu mtu analaumu kompresheni.

Hesabu ya ovalapu ni rahisi, jumlisha muda wa inteki na wa ekzosti, gawanya kwa nne, toa senta, zidisha kwa mbili. 264 zote mbili na senta 110 unapata digrii 44. 272 zote mbili unapata 52. Hizo nane zinaonekana chache lakini kwa hauzingi ya 0.63 kwenye 2.0 inayosukumwa mpaka 7000, presha ya nyuma inaweza kuwa mara mbili ya busti, na hapo digrii nane ni nyingi sana. Kwa 0.82 presha ya nyuma inashuka kabisa, tabo inachelewa kuamka kidogo, lakini injini inapumua juu.

Usikisie, pima. Weka nati ya kuchomelea kwenye manifodi karibu na flanji ya tabo, toa kibomba cha chuma au cha shaba kirefu nusu mita hivi ukikizungusha kama springi ili joto lipotee njiani, mwisho wake funga sensa ya presha inayosoma mpaka 4 bar au zaidi, irekodi pamoja na busti. Ukiiona mistari miwili inatembea karibukaribu unaweza kuongea habari za 272. Ukiona wa ekzosti unapaa peke yake kuanzia 5000, kamshafti ndefu itakuumiza.

kamu_ndefu

Naomba nichangie maana mimi nimeiishi. Ya kwangu ni 2.0 ya silinda nne pia, niliikuta na 272 pande zote na tabo yenye tabaini ndogo, ilifungwa hivyo na mwenyewe wa kwanza. Busti ilikuwa inaamka inaonyesha 1.2 bar vizuri tu lakini gari haiendi, kuanzia 5500 nguvu zinakufa kabisa wakati busti geji haijashuka hata kidogo. Kila mtu ananiambia ongeza busti. Tulipotoa ile ya inteki na ekzosti tukaweka fupi, busti ileile, gari ikaanza kuvuta mpaka mwisho. Baadae nilipobadilisha tabo nikaweka kubwa na manifodi ya kugawanya silinda, hizo 272 zikarudi na safari hii zilifanya kazi mpaka raha. Kamshafti zilikuwa zilezile, kilichobadilika ni presha ya nyuma tu.

Na hiyo ya kugawanya silinda niisemee, kwenye injini ya silinda nne inayowaka 1-3-4-2, wakati silinda moja iko kwenye ovalapu ile inayofuata kuwaka ndo inafungua valvu ya ekzosti na kupiga shindo la presha kwenye manifodi. Kama zote zinaingia mlango mmoja, shindo hilo linakwenda moja kwa moja kwa jirani aliyeacha mlango wazi. Ukigawa 1 na 4 upande huu, 2 na 3 upande ule, hawakutani. Mudi wewe una mlango mmoja, kwa hiyo ovalapu yako lazima iwe ya heshima.

mudi_3S

Aisee hapa ndo naanza kuona picha. Kwa hiyo 264 na hauzingi 0.82. Lakini kuna gia za kamshafti za kurekebisha, siwezi kununua 272 nikapanua senta mpaka 114 nikapata ovalapu ileile ya 44? Nimepiga hiyo hesabu imekuja sawasawa.

BiTorki

Hesabu iko sawa na ni swali zuri. Ila angalia unailipia wapi. Kupanua senta kutoka 110 kwenda 114 unachelewesha inteki digrii 4 na unawahisha ekzosti digrii 4. Inteki ikichelewa inafunga digrii 70 badala ya 66, kompresheni halisi inashuka tena, umerudi kwenye uzito ule wa chini tulioukimbia. Unaweza kuacha inteki palepale ukawahisha ekzosti peke yake digrii 8, lakini hapo ekzosti inafunguka mapema wakati moto bado unasukuma pistoni, nguvu kidogo inakwenda kwenye bomba. Tabo inaamka mapema kwa sababu hiyo, ndo faida yake.

Kwa mwisho wa mizunguko 7000 unayosema, 272 haina kazi ya kukufanyia. Zile digrii za ziada zinalipa kuanzia 7000 kwenda 8000. Ngoja nikuonyeshe kwa upande wa hewa. Farasi 400 zinahitaji kama kilo 18 za hewa kwa dakika. Injini ya 2.0 kwenye 7000 inameza lita 7000 kwa dakika kama inajaa asilimia 100. Busti 1.3 bar, hewa nyuzi 45, unapata kilo 17.6 hivi. Umefika. Lakini kama hedi na kamshafti zako zinajaza asilimia 90 tu, hewa ileile inataka busti ya 1.55 bar. Kwa hiyo kazi ya kamshafti kwako ni kukutoa kwenye 90 kwenda 100 hapo kati ya 5000 na 7000, na 264 yenye lifti nzuri inaifanya hiyo kazi. Lifti haina gharama ya ovalapu kubwa kama muda, kwa hiyo ukichagua kati ya 264 mbili chukua yenye lifti kubwa ambayo springi zako zinaibeba.

Jambo lingine, hizo 264 na 272 zimepimwaje? Kuna watengenezaji wanahesabu tangu valvu inaponyanyuka kidogo tu kwenye kiti chake, wengine wanahesabu kuanzia lifti ya mm 1, tofauti inaweza kupita digrii 30 kwa kamshafti hiyohiyo. Omba kadi ya kamshafti, angalia muda wa kwenye mm 1 wa zote mbili, linganisha hizo. Hesabu zangu zote hapo juu nimechukulia muda kamili wa tangu kwenye kiti.

kibuyu_cha_oili

Hapo kwenye kadi binti umesema jambo la maana sana, watu wananunua namba ya kwenye boksi.

Kijana kama unaogopa 9.0 usije ukashawishika kununua 9.0 halafu ukashusha kwa gasketi nene, hilo nimeliona likifanyika mara nyingi na linaharibu.

mudi_3S

Mzee wangu hilo nilikuwa nalifikiria kweli, gasketi nene kama njia ya kujirudi baadae. Linaharibu nini?

fundi_wa_hedi

Ntajibu hapo maana hedi ndo kazi yangu. Pistoni ikifika juu kuna sehemu za pembeni ambazo uso wake unakaribiana sana na uso wa hedi. Mchanganyiko uliokuwa pale unabanwa unarushwa katikati kwa kasi kuelekea plagi, moto unatembea haraka na pembeni hakubaki mchanganyiko mwingi wa kujiwasha. Hiyo nafasi ukiiacha kama mm 1 inafanya kazi vizuri, ikifika mm 1.7 au 2 inakuwa haifanyi kitu, mchanganyiko unakaa pembeni unasubiri kunoki. Sasa kwenye injini yako gasketi yenye tundu la mm 87, kila mm 1 ya unene ni cc 5.9. Kutoka 9.0 kurudi 8.5 unahitaji cc 4.2, yani gasketi nene zaidi kwa mm 0.7. Umeshusha kompresheni kwa 0.5 tu na umeiua hiyo nafasi, unaweza kukuta injini inanoki mapema kuliko ilivyokuwa kwenye 9.0. Kompresheni ichague kwenye sahani ya pistoni (kile kishimo cha juu yake), gasketi itumie kupanga nafasi tu.

Na usiamini namba ya kwenye boksi la pistoni pia. 9.0 ya mtengenezaji amehesabu na hedi ya cc fulani, gasketi fulani, bloki isiyochongwa. Hedi yako ikishapigwa uso mara moja au mbili namba inapanda. Pima. Hedi ilaze kichwa chini ikiwa imelala sawa, valvu na plagi zimefungwa, paka grisi kidogo pembeni weka kioo cha plastiki chenye tundu dogo, mimina maji yenye rangi kwa bureti mpaka kipovu cha mwisho kitoke, soma cc. Fanya silinda zote nne, zikitofautiana zaidi ya cc nusu zisawazishe. Upande wa pistoni ishushe mm kadhaa zinazojulikana upime vivyo hivyo. Ni kazi ya jioni moja na ndo utajua kompresheni yako ni 8.9 au 9.3, maana kwa oktani 95 hiyo tofauti ni kubwa.

Kabla ya kufunga mwisho pima nafasi ya valvu na pistoni. Weka plastisini juu ya pistoni kwenye yale mashimo ya valvu, paka oili kidogo isigande kwenye valvu, funga hedi na gasketi iliyokwishatumika ya unene uleule, panga taimingi kamili, zungusha krenki kwa mkono raundi mbili. Fungua, kata plastisini kwa wembe katikati upime unene. Inteki nataka isipungue mm 2, ekzosti mm 2.5 kwa sababu ile inapata joto inarefuka. Kumbuka sehemu ya hatari sio kileleni kabisa, ni digrii kumi hivi kabla kwa ekzosti na kumi baada kwa inteki, kwa hiyo ukigusa gia za kamshafti baadae hizo nafasi zinabadilika, pima upya.

Springi usizisahau. Busti inakaa nyuma ya valvu ya inteki inasukuma ifunguke, 1.3 bar kwenye kisahani cha mm 33 ni kama kilo 11 za kuiondolea springi nguvu yake. Springi za zamani zilizochoka zitaacha valvu idunde kwenye kiti, na huo mdundo ukiusikia daino utadhani ni plagi. Na kama shimu zako (visahani vya kupanga nafasi ya valvu) zinakaa juu ya bakuli linalosukumwa na kamshafti, lifti kubwa na mizunguko mingi vinaweza kuitema, weka za chini ya bakuli.

kamu_ndefu

Kwenye springi niongezee, ukipata springi ngumu mno nazo zinakula nundu za kamshafti mpya. Chukua zile anazozitaja mtengenezaji wa kamshafti. Na mizunguko ya kwanza ya kuzoesha kamshafti usiiache injini iungurume taratibu, iweke 2000 na kitu uipandishe uishushe, oili ifike juu.

mudi_3S

Nimeelewa na nimeamua. Pistoni 9.0, kamshafti 264 yenye lifti kubwa, hauzingi 0.82, gasketi ya kunipa mm 1, springi za mtengenezaji wa kamshafti. Hedi nitapima cc kwanza kabla sijalipia pistoni ili nijue namba yangu halisi, ikija zaidi ya 9.2 nitamwambia achimbe sahani kidogo. Nati ya kupima presha ya ekzosti nachomelea kabisa wakati manifodi iko nje.

Mzee Kibuyu hofu yako naibeba, nitaanza kutyuni na 0.8 bar nipande taratibu, joto la hewa kwenye manifodi likivuka nyuzi 60 kompyuta itakata busti na kurudisha taimingi yenyewe.

Swali la mwisho. Nikishafunga nikapima kompresheni kwa geji, hizo 264 hazitanionyesha presha ndogo nikadhani ringi zimekataa?

presha_nyuma

Zinaweza mkuu, na wengi wamefungua injini nzima kwa sababu hiyo. Stata inazungusha taratibu, inteki inachelewa kufunga, hewa inarudi ilikotoka, geji inasoma chini hata kama kila kitu kimebana. Usiilinganishe na namba ya kitabu cha kiwandani, linganisha silinda na silinda, plagi zote nje, kanyagio mpaka chini, betri imejaa. Zote zikikaribiana ndani ya asilimia 10 basi uko sawa. Ukiwa na wasiwasi tumia kile kipimo cha kupuliza hewa kwenye tundu la plagi valvu zikiwa zimefunga na kuangalia inavuja kiasi gani, hicho hakijali kamshafti.

Na kingine utakachokiona, injini ikiunguruma tu bila kukanyagwa sensa ya oksijeni inaweza kuonyesha mafuta kidogo wakati ndani ya silinda yako sawa au hata mengi. Hewa mbichi inapita moja kwa moja kwenda ekzosti wakati wa ovalapu na sensa inaihesabu. Usiongeze mafuta ukafukuza 14.7 (uwiano wa hewa na mafuta) pale chini, plagi zitalowa. Iache kwenye mchanganyiko ambao injini inatulia na unguruma wake uko sawa, ukishapita 1500 sensa inaanza kusema kweli.

fundi_wa_hedi

Na gia za kamshafti usizifunge kwa alama za kwenye gia. Disiki ya digrii kwenye krenki, daiali geji juu ya bakuli la silinda ya kwanza, tafuta digrii valvu inapofika mm 1 ikifunguka na inapofika mm 1 ikifunga, katikati yake ndo senta yako. Ikisoma 110 kama kadi inavyosema kaza. Ikisoma 113 ni hedi na bloki zimechongwa, irudishe kwanza, maana hizo tatu ndo hesabu yote ya dada Torki imehama.